Mguu Mzito na Leseni ya Ugenini

Kwao walimwita Mguu Mzito, na jina hilo hakulipata kwa ugonjwa. Mguu wake wa kulia ukishakanyaga mafuta, kuunyanyua ilikuwa shughuli. Aliendesha malori, akaendesha mabasi ya masafa marefu, akarudi tena kwenye malori, na popote alipoegesha watoto walikuja kugusa tairi kwanza ndipo wamsalimie. Sasa mtu wa namna hiyo umpeleke nchi ya watu, umwambie hajui kuendesha gari. Tena umwambie kwa upole, kupitia kidirisha cha kioo, huku unatabasamu. Hata mimi ningetukana.

Huko alimfuata mkewe. Mkewe ni nesi. Alitangulia yeye na vyeti vyake, akapata kazi hospitali, akapanga flati ya vyumba viwili juu ya duka la viatu, halafu akamwita mumewe na watoto. Mguu Mzito alifika na sanduku moja, koti la kuazima, na leseni yake aliyoizungushia nailoni mara mbili. Nguo zitapatikana, alisema. Leseni ndiyo iliyokuwa kazi yake na jina lake, na hakutaka ipate hata unyevu wa safari.

Sheria ya huko ni hivi. Mgeni akishaandikishwa kuwa mkazi, leseni ya kwao inamfaa mwaka mmoja tu. Mwaka ukiisha, wale ambao nchi zao zina makubaliano wanakwenda dirishani, wanatoa kadi ya zamani, wanapewa mpya, kwaheri ya kuonana. Wale ambao nchi zao hazina makubaliano wanaanza chekechea: mtihani wa maswali, mtihani wa barabarani, na bango la mwanafunzi nyuma ya gari ili kila mpita njia ajue. Nchi ya Mguu Mzito ilikuwa na makubaliano? Thubutu!

Mkewe alimwonya mapema. "Baba watoto, mwaka unakwisha huo. Nenda kajiandikishe mtihani."

"Mtihani wa nini? Mimi nimepandisha lori la saruji mlimani, mvua inanyesha, breki zinalia. Hawa wana mlima gani hapa wa kunitahini?"

Shemeji yake naye, kaka wa mkewe, fundi bomba aliyekaa huko muda mrefu kuliko wote na aliyejua kila kitu isipokuwa ukweli, akaja kumalizia. "Shemeji, usijisumbue. Ukivuka mpaka ukarudi, mwaka unaanza upya. Kila mtu anafanya hivyo." Mguu Mzito akapanda basi, akavuka mpaka, akanywa chai upande wa pili, akarudi kifua mbele. Kumbe sheria haiulizi ulikunywa chai wapi. Inauliza unalala wapi.

Asubuhi moja alikuwa anampeleka mkewe kazini, gari la polisi likawawashia taa kwa nyuma. Mguu Mzito akaegesha pembeni kwa ustadi, akafungua mlango, akashuka. Kwao ndiyo adabu: askari akikusimamisha huwezi kubaki umejikalia kitini kama tajiri, umngoje aje akuinamie dirishani. Unashuka, unamfuata, unampa mkono, unamuuliza habari za nyumbani, mnazungumza kama binadamu. Basi akaenda, mikono yote miwili mbele, meno yote nje.

Askari, kijana wa watu, akaruka nyuma, mkono ukatua kiunoni. "Rudi ndani ya gari!"

"Habari za asubuhi, afande. Watoto hawajam..."

"Ndani! Sasa hivi!"

Mkewe alikuwa ameshafumba macho anasali. Huko dereva akisimamishwa anatulia kitini, mikono juu ya usukani ionekane. Anayeshuka na kumwendea askari ana lake jambo. Mguu Mzito akarudi kinyumenyume, bado anatabasamu, maana uso ulikuwa haujapata habari. Askari akaja, akaishika ile leseni, akaigeuzageuza.

"Wewe ni mkazi hapa?"

"Ndiyo, afande," akajibu kwa fahari, akataja na mwaka aliohamia, bila kujua kwamba hapo ndipo alipojimaliza.

Akaandikiwa onyo, akaambiwa asiguse usukani mpaka apate leseni ya pale. Akahamia kiti cha abiria mbele ya askari na mbele ya dunia, mkewe akashika gari. Njia nzima hawakusemezana ila mara moja, mkewe alipopunguza mwendo karibu na mataa.

"Hiyo ni kijani, mama."

"Nyamaza," mkewe akasema.

Sijasema bado alikuwa anafanya kazi gani. Hospitali ya mkewe ilimpa kazi chini kabisa, kwenye chumba cha kufulia, ambako mashuka machafu huporomoka kwenye bomba pana la ukutani na kutua puu ndani ya toroli. Alisukuma toroli hadi kwenye mashine, akarudi nalo. Hakuna dirisha, hakuna kona, hakuna wa kupishana naye. Gurudumu moja lilikuwa linavuta kushoto, na kila siku alitangaza kwamba toroli lile halifai kuwa barabarani. Wenzake hawakuwahi kucheka, nadhani walidhani analalamika kweli.

Lakini juu, uani, kulikuwa na gari jeupe la kuwachukua wagonjwa wa figo majumbani, kuwaleta kusafishwa damu na kuwarudisha. Dereva wake mzee alikuwa anakaribia kustaafu. Mkuu wa magari, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimwambia Mguu Mzito: "Nasikia wewe ni dereva. Lete leseni ya hapa kabla mzee hajaondoka, gari ni lako. Usipoleta, nampa mwingine." Mguu Mzito alilitaka gari lile mpaka likamtia homa. Si kwamba alitaka makuu. Alitaka kutoka kule shimoni, akae tena nyuma ya kioo aone njia, mtu aite "dereva" na yeye ageuke.

Sasa kulikuwa na kikwazo kimoja. Simba huyu wa barabara alikuwa anaogopa mtihani kuliko anavyoogopa kaburi, kwa sababu hajawahi kufanya mtihani wa gari maishani mwake. Alianza kama utingo, akajifunza kwa kuchungulia miguu ya dereva, na siku dereva alipougua akashika usukani yeye. Leseni ilifuata baadaye. Mjomba wake alikuwa ofisi inayohusika, akaileta nyumbani imekamilika, hata picha aliyobandika ilikuwa ya siku nyingine. Siri hiyo hakumwambia mtu, na zaidi ya wote hakumwambia mkewe.

Akaenda kwenye mtihani wa maswali bila kusoma hata ukurasa. Wakamkalisha mbele ya kompyuta. Taa ya manjano ikiwaka, dereva afanye nini? Majibu yalikuwa matatu, na mojawapo lilisema aongeze mwendo awahi kupita. Mguu Mzito akafurahi, akaona aliyetunga mtihani ni mtu wa barabarani mwenzake. Mtoto akisimama ukingoni mwa kivuko? Akabonyeza jibu la honi. Honi! Huko ukimpigia mtu honi anaweza kushuka akuulize mlikosana lini. Aliyabonyeza maswali yote kwa imani hiyohiyo, akamaliza kabla ya wenzake, na kompyuta ikamwandikia kwa herufi nyekundu kwamba amefeli.

Kufeli mara mbili sheria inakuvumilia. Ya tatu, iwe ya maswali au ya barabarani, unakaa kando mwaka mzima. Alimwambia shemeji yake kuwa tatizo ni lugha, lakini jikoni, mkewe akikata vitunguu, alishindwa kuubeba tena ule mzigo.

"Mama watoto, nikwambie kitu? Usipige kelele."

"Sema."

"Mimi sijawahi kufanya mtihani wa gari. Ile leseni ya nyumbani alinitolea mjomba."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mjomba wako alilewa siku ya harusi yetu, akamtangazia kila mtu. Unafikiri kwa nini kila nilipopanda basi lako nilikaa kiti cha nyuma kabisa?"

Mguu Mzito alipigwa na butwaa. Miaka yote ile alidhani mkewe anakaa nyuma kwa heshima, awaachie abiria viti vya mbele. Alikuwa akiwasimulia na wenzake: mke wangu hana makuu yule.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo bwana huyu hakupenda likumbukwe. Kule nyumbani mkewe alimwomba amfundishe kuendesha, akamwomba na kumwomba. Akamjibu kwamba usukani hautaki mikono ya unga. Mama wa watu akanyamaza, akaja kujifunza ugenini kwa mwalimu, akafaulu mara ya kwanza. Mumewe badala ya kumpongeza akawapigia simu ukoo mzima kuwachekesha: ukipanda gari la mke wangu utadhani mnasindikiza maiti, mnafika pole zimeshakwisha. Mkewe alikuwa pale pale sebuleni, anakunja nguo, anasikia kila neno.

Basi sheria ya huko, sheria ina mambo, inasema mwanafunzi asiendeshe mpaka awe na mtu pembeni mwenye leseni ya pale ya miaka isiyopungua miwili. Shemeji hakuwa nayo. Alikuwa anapanda baiskeli na kujifanya anapenda mazoezi. Watoto walikuwa wadogo. Akabaki mtu mmoja.

Mkewe kwanza alimkalisha mezani na kitabu cha sheria za barabarani, pamoja na watoto wakifanya kazi za shule. Akamuuliza, akamsahihisha, akamrudisha nyuma, na maswali akayapita safari ya pili kwa shida lakini akayapita. Ndipo wakaingia barabarani, na bango la mwanafunzi likabandikwa. Watoto walilala chini kwenye kiti cha nyuma wasionekane na wenzao.

"Kioo," mkewe akasema.

"Nimeangalia."

"Jicho limekwenda, shingo haijageuka. Mtahini haoni jicho, anaona shingo. Rudia."

Akarudia.

"Mikono miwili."

"Mmoja unatosha, mama."

"Na huo mwingine uko dirishani unafanya nini, umeuanika?"

Walipofika kwenye mzunguko mdogo karibu na soko, nani wakakutana naye? Shemeji, juu ya baiskeli yake. Alilisoma lile bango, akamwona nani kashika usukani na nani anatoa amri, akashuka kwenye baiskeli akakaa chini kabisa acheke vizuri. Kisha akapiga picha. Kabla hawajamaliza kuuzunguka mzunguko, simu ya Mguu Mzito ilikuwa inalia mfukoni, ukoo mzima unataka kumpongeza. Alitaka kufa, lakini mkewe alimwambia aangalie kwanza kioo cha kulia.

Mtihani wa barabarani ulipofika alikuwa ameshaiva, au tuseme ameiva nje. Mtahini alikuwa bwana mkavu mwenye kibao cha kuandikia magotini. Mjini kila kitu kilikwenda sawa. Wakatoka nje ya mji, barabara ikawa nyembamba, na nyuma yao likaja gari dogo lenye haraka. Mguu Mzito akaangalia mbele: njia nyeupe, hakuna mtu. Na hapo damu ya lori ikamchemka. Kwao madereva wa malori wana lugha yao. Ukiwa mbele na mwenzio nyuma haoni, unamwashia indiketa ya upande wa ukingo, maana yake pita ndugu yangu, kweupe. Ukimwashia ya katikati, maana yake tulia, kuna gari linakuja. Ni utu, na umeokoa watu wengi. Basi akamwashia yule wa nyuma indiketa ya kulia, maana huko wanaendesha upande wa kulia na huo ndio ukingo, na roho yake ikafurahi.

Kulia kulikuwa na njia ya vumbi, na mwisho wake trekta lililokuwa linangoja kuingia barabarani. Mwenye trekta aliona indiketa, akajua gari hili linakata kona kuja kwake, akajitosa. Magari ya mtihani ya huko yana breki pande zote mbili, na mtahini alikanyaga ya kwake kwa miguu yote miwili. Wakasimama wakiwa uso kwa uso na trekta, na kibao cha mtahini kikiwa juu ya dashibodi.

"Ulitaka kukata kulia?" mtahini akauliza alipoweza kuongea.

"Hapana. Nilikuwa namruhusu yule wa nyuma apite."

"Nani amekupa mamlaka ya kumruhusu?"

Mguu Mzito akakichukua kile kibao, akamrudishia mwenyewe. Akafeli, na ikawa ni mara ya pili.

Nyumbani aliwaka moto. Akasema watu wa huko hawana utu barabarani, kila mmoja na gari lake kama yuko peke yake duniani. Akasema harudi tena kwenye mtihani wao. Atasukuma toroli mpaka astaafu, na mtu asimuulize.

Mkewe alimwacha amalize. Kisha akakaa mbele yake, na safari hii sauti yake haikuwa ya utani.

"Sikukuleta huku uje uzeekee chini ya ardhi. Kila jioni unarudi umepungua. Ninakuona. Unakaa hapo dirishani unaangalia magari ya watu mpaka chai inapoa. Mimi inaniuma, unasikia? Inaniuma kuliko wewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe umesimama wima kama nguzo ya umeme. Utainama au huinami?"

Mguu Mzito alitazama vidole vyake. "Lakini indiketa..."

"Indiketa ya kwenu inaongea na mtu mmoja, rafiki yako wa nyuma. Ya hapa inaongea na kila aliyeko barabarani, na inasema neno moja tu: nakata kona. Hukati kona, mkono utulie."

Akainama. Kila mapumziko ya mkewe walitoka. Mwanzoni alikuwa akiitikia "naam, mwalimu" kwa kejeli, akivuta maneno. Baadaye kejeli ikachoka yenyewe, likabaki "naam". Siku moja mkewe alimzuia asiingie kwenye njia kuu, na sekunde hiyohiyo pikipiki ambayo yeye hakuiona ikapita mbele yao kama risasi. Mguu Mzito alizima gari. "Wewe unaona vizuri," akasema. Mkewe alimwambia awashe gari, watu wanasubiri nyuma.

Mtihani wa mwisho uliangukia wiki ileile mzee wa gari jeupe alipokuwa anaagwa. Keki ilishakatwa, na mkuu wa magari alikuwa amemwambia Mguu Mzito waziwazi: leo au basi. Mkewe alitoroka wodini kwa ruhusa ya kubabaisha, akaja na sare yake ya kazi, akasimama nje ya uzio.

Mtahini alikuwa yuleyule. Alimkumbuka, akafunga mkanda, akaujaribu kwa kuuvuta, halafu akauvuta tena. Wakatoka. Mguu Mzito aligeuza shingo kila baada ya nyumba mbili tatu, mpaka mtahini akamuuliza kama shingo inamuuma. "Hapana, naangalia," akajibu. Barabara nyembamba ikaja, na nyuma yake likaja lori. Lori la kweli, limejaa, linamsukuma kwa taa. Mbele kulikuwa kweupe kabisa. Kidole chake kilikuwa kinamwasha. Alimwomba radhi yule dereva moyoni, ndugu yangu nisamehe, hapa wamenikataza kukusalimia, akaushika usukani kwa mikono miwili na kushikilia mwendo wake uleule. Lori likapita lenyewe kwa hesabu zake, likaenda zake.

Walipoegesha, mtahini aliandika kwa muda mrefu. Kisha akafunga kalamu.

"Umefaulu."

Mguu Mzito akaangalia kioo, shingo na yote. Mtahini akamtazama kwa udadisi. "Safari ile na safari hii ni kama watu wawili tofauti. Ulijifunza wapi kuendesha?"

Hapo ndipo pahali pake. Milima ilikuwa mdomoni tayari, na mabasi, na saruji, na mvua, na breki zinazolia. Miaka yote hiyo ilikuwa imejipanga kwenye ulimi inangoja kuambiwa itoke. Akaitazama sare nyeupe kule nje ya uzio, imeshika nyaya kwa mikono miwili.

"Nimefundishwa na mke wangu," akasema. "Ni yule pale."

Mtahini akageuka, akamwangalia yule mama. "Mwambie amefundisha vizuri. Anaendesha vizuri mwenyewe, inaonekana. Mwambie hivyo."

Alivuka uwanja akiwa na karatasi mkononi, macho chini. Mkewe alipoona uso ule alijua yamekwisha, akaanza kumpoza kabla hajafika. "Si kitu, baba watoto. Kazi ni kazi. Hata kule chini ni kazi, mwaka si mwingi, tutajaribu tena..."

"Nimepita."

Mkewe alimpiga kwa mkoba begani, halafu akampiga tena. "Sasa uso huo ni wa nini? Umeniua! Wodi nzima nimeiacha!"

"Ngoja, nina salamu zako," Mguu Mzito akasema. "Mtahini anasema umefundisha vizuri. Anasema na wewe mwenyewe ni dereva mzuri." Akaikunja karatasi. "Na mimi nasema hivyohivyo."

Mkewe akauachia mkoba. Akakaa kwenye ukingo wa njia na sare yake nyeupe, pale pale penye vumbi, akajifuta macho kwa kiganja.

"Hebu sema tena," akamwambia.

Mguu Mzito akachuchumaa mbele yake, akayasema tena, polepole, yote.